Nkambo si Kambo

Wiki hii nimeulizwa tena. Kijana wa Kolwezi, Kongo, kaandika "nkambo yangu alikufa", na mhariri anataka kujua: tuweke baba wa kambo au mama wa kambo? Si huyu wala yule. Kijana kafiwa na babu yake, au bibi yake mzaa mama au mzaa baba.

Hoja inayofuata naijua, na huletwa na watu waliosoma. Pwani, wanasema, iliangusha n mbele ya k. Mbemba anasema inkoko, Mswahili anasema kuku. Basi nkambo ikipoteza n yake inabaki kambo: neno ni moja, watu wa Kolwezi wamelipotosha maana tu.

Kanuni ya sauti ni ya kweli. Hitimisho ni la uvivu. Kufanana kwa sauti kunaruhusu tushuku undugu, hakuthibitishi chochote. Tazameni maneno yenyewe yanavyofanya kazi. Kambo ya Kiswahili sanifu haimtaji mtu. Husubiri nyuma ya "wa": baba wa kambo, mtoto wa kambo. Nani aliwahi kuita, "Kambo, karibu chakula"? Nkambo ni mtu. Anaitwa, anaitika, ana wingi wake, bankambo, na humo wamo hata wahenga waliozikwa zamani. Ukitaka kubainisha unasema nkambo mwanaume au nkambo mwanamuke. Neno hilo linatoka Kiluba, na huko pia ni babu au bibi. Kambo huonyesha undugu usio wa damu. Nkambo ndiyo damu yenyewe. Na kama sauti zinatosha, mbona hamsemi kwamba makambo ya Kilingala ni wingi wa kambo? Hayo ni mambo, shida, kesi. Umoja wake ni likambo. Kolwezi wanayasikia kila siku katika nyimbo za Kinshasa na hakuna anayeyachanganya na wazee wake.

Kinachoniuma ni hilo neno "wamepotosha". Kiswahili cha huko kina njia yake. Kampuni ya madini ya Katanga, Union Minière, ilianzishwa mwaka 1906, ikakusanya wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilianza kuwaweka kambini pamoja na wake zao. Watoto waliozaliwa humo walikifanya Kiswahili lugha ya nyumbani, na majina ya jamaa waliyapokea kwa mama zao, hawakuyasoma katika kamusi ya Unguja. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia nzima ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili hicho. Lugha ya kuandikia historia haingoji ruhusa yetu.

Haya, kazini. Ukiweza, muulize msemaji: mwanaume au mwanamke? Usipoweza, andika "mzazi wa mmoja wa wazazi wake", au acha nkambo na ulifafanue mara moja. Kwenye karatasi za mahakama na hospitali usikisie kamwe. Nakili neno lake kama alivyolisema. Na nkambo si mtego pekee. Yaya wa Kolwezi ni kaka au dada mkubwa, kwa hiyo "yaya yangu ananilipia masomo" haina mlezi wa watoto ndani yake. Bwana huko ni mume. Bibi ni mke. Kwa hiyo ukimjibu yule kijana, usimwandikie "pole kwa kufiwa na bibi yako". Atasoma kwamba mkewe amekufa.