Kasha la plastiki laamsha mbegu sugu ya mukau Ukambani

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga waliosema hivyo huenda hawakuufikiria mti wa mukau, lakini maneno yao yawafaa sana wakulima wa Kitui na Makueni wanaotamani kuotesha mti huo nyumbani kwao.

Mukau, ambao wataalamu huuita Melia volkensii, ni wa ukoo mmoja na mwarobaini. Ni mti wa nyika za Kenya, Tanzania, Ethiopia na Somalia, na humea vizuri mahali ambapo mvua ni haba na miti mingine ya mbao hukata tamaa. Mbao yake ni nyekundunyekundu, yafanana na ya mkangazi, na mchwa hawaiwezi. Kwa sababu hiyo Wakamba wameitumia tangu zamani kutengeneza milango, vitanda na mizinga ya nyuki. Wakati wa kiangazi, majani yake hukatwa yakawa chakula cha mbuzi. Juu ya hayo yote, mti uliotunzwa vyema waweza kukatwa mbao baada ya miaka 10 hadi 15. Mzazi aupandaye mtoto wake anapozaliwa aweza kuuza mbao mtoto huyo akiwa shule ya upili.

Kwa nini, basi, kila boma halina shamba la mikau? Jibu ni kwamba mbegu yake ni sugu. Mukau ulikatwa kwa miaka mingi kuliko ulivyopandwa, na mtu aliyezika kokwa zake ardhini aliweza kungoja msimu mzima asione hata chipukizi moja. Wazee walitegemea kokwa zilizookotwa katika zizi la mbuzi baada ya wanyama hao kula matunda, au walichimbua miche iliyojiotea shambani na kuihamisha.

Leo hali ni tofauti. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, ambayo ina kituo mjini Kitui, imefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na shirika la Japani la JICA kuutafiti mti huu. Katika mradi wa mwaka 2012 hadi 2017, mashamba maalumu ya mbegu bora za mukau yalianzishwa Tiva katika Kitui na Kibwezi katika Makueni. Mbegu nzuri hazikosekani tena kama zamani. Kinachobaki ni kujua kuziamsha, na siri ya kuziamsha imo katika mambo matatu: unyevu, joto na mwanga.

Ganda ndani ya ganda

Tunda la mukau lina kokwa ngumu kama jiwe, na ndani ya kokwa mna mbegu kadhaa ndogo, kila moja ikiwa na ganda lake jeusi. Kwanza kokwa hupasuliwa. Wengi huiweka juu ya gogo, wakaweka makali ya kisu juu yake na kugonga kwa nyundo ya mti. Mbegu zikishatolewa, ncha ndogo ya ganda hukatwa, kisha mbegu hulowekwa katika maji baridi usiku kucha. Siku ya pili ganda huchanwa kwa urefu kwa wembe ili maji na hewa vipite. Kazi hii yafaa kuonwa kwa macho kabla ya kujaribiwa, kwa maana wembe ukizama mno huua kiini. Vituo vya misitu huwaonyesha wakulima jinsi ya kuifanya.

Mbegu iliyochanwa hivyo ni kama mtoto aliyevuliwa nguo. Ikiachwa penye upepo na jua la Kitui itakauka kabla ya jioni. Ikitiwa maji mengi itaoza kwa ukungu. Hapa ndipo kasha linapohitajika.

Daktari na chupa yake

Wazo la kasha la unyevu si geni duniani. Mnamo mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alimfunika buu wa nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi. Alipochungulia baadaye aliona mimea midogo imeota humo, ingawa bustani yake ilikuwa imeharibiwa na moshi wa mji. Alielewa kwamba maji yaliyopanda kama mvuke mchana yaliganda kwenye kioo na kurudi udongoni, hivyo mmea haukukauka. Kutokana na ugunduzi huo yalitengenezwa makasha ya vioo yaliyovusha miche ya chai na mpira baharini kutoka bara moja hadi jingine.

Hata kule Makueni wanaopandikiza maembe huitumia kanuni hiyohiyo. Baada ya kuunga kijiti cha embe la kisasa kwenye shina la embe la kienyeji, wengi hukivika kifuko chepesi cha plastiki kinachoonyesha, ili kisinyauke kabla ya kushika. Kasha la mukau ni kifuko hicho kilichopanuliwa.

Jinsi ya kulitengeneza

Fundi wa kawaida aweza kulimaliza kasha kwa siku moja. Tengeneza fremu ya mbao yenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 60 hivi. Upande wa nyuma uwe juu kuliko wa mbele, ili kifuniko kilale kwa mteremko na matone yateremke pembeni badala ya kuangukia miche. Tandika plastiki nzito ndani, chini na kandokando, isivuje maji. Juu yake weka tabaka la mawe, kisha kokoto, na mwisho mchanga safi wa mto wenye kina cha sentimita 10.

Simamisha kipande cha bomba kwenye pembe moja, kifike hadi kwenye mawe. Maji yatatiwa kupitia bomba hilo na yasipande hata kidogo kufikia mchanga. Kazi ya maji hayo ni kutoa mvuke tu. Mwisho, funika kasha lote kwa plastiki inayopitisha mwanga, na kifuniko kishike sawasawa pasipo nafasi za kupitisha upepo.

Mchanga usitumiwe kama ulivyotoka mtoni. Uoshe, kisha ukaange katika karai kuukuu juu ya moto hadi uwe moto kabisa, uache upoe, ndipo uutie kasha. Ukungu unaoua miche michanga hukaa katika mchanga usiosafishwa. Mbegu zifukiwe kidogo tu, na mchanga uwe na unyevunyevu; ukiuminya mkononi usitoe maji.

Soma plastiki

Si lazima kununua chombo cha kupimia unyevu. Tazama kifuniko asubuhi na saa sita mchana. Ukiona ukungu mwembamba na vitone vidogo, mambo ni mazuri. Maji yakitiririka kama mvua na mchanga ukang'aa, unyevu umezidi. Inua kifuniko kwa dakika chache. Plastiki ikikauka kabisa ifikapo saa sita, ama pana mahali panapopitisha upepo ama maji ya chini yamekwisha.

Joto la nyuzi 30 hivi huipendeza mbegu hii. Kipimajoto kidogo cha duka la dawa za mifugo chatosha. Mwezi wa Julai, ambao ni wakati wa baridi Ukambani, usiku huweza kushuka hata chini ya nyuzi 16. Basi jioni funika kasha kwa magunia au blanketi kuukuu, uyaondoe kukicha. Mchana, kinyume chake, usiliache kasha kwenye jua kali. Plastiki iliyofungwa huzuia joto lisitoke, na mbegu zaweza kupikwa kwa saa moja tu. Mahali pema ni chini ya mti mkubwa au barazani, upande unaopata jua la asubuhi.

Mwanga kwa hatua

Mbegu ikiwa chini ya mchanga hula akiba yake yenyewe, hivyo haijali sana mwanga. Mara majani mawili ya kwanza yanapofunguka, kwa kawaida katika wiki moja au mbili, mambo hubadilika. Mche unaoachwa gizani hurefuka kwa haraka, shina likawa jembamba na majani yakapauka, mwishowe ukaanguka.

Wengine hudhani chumba chenye dirisha kubwa kinatosha. Jicho hutudanganya. Mwanga wa jua la mchana nje waweza kuwa mara mia kadhaa kuliko ule ulio katikati ya chumba. Aliye na umeme aweza kutumia taa nyeupe za LED zikining'inia sentimita 30 juu ya miche, kwa saa 12 hadi 14 kwa siku, na kwa mboga au maua jambo hili hufaa. Balbu za zamani zenye kuunguza mkono hutoa joto zaidi kuliko mwanga. Lakini kwa mukau hakuna sababu ya kulipia umeme, ilhali jua la Ukambani ni la bure.

Hamisha miche kwenye vifuko vyenye udongo mwepesi ingali na majani mawili, ukishika jani wala si shina. Iweke chini ya wavu wa kivuli au paa la makuti linalopitisha nusu ya jua. Kwa siku chache za kwanza iendelee kufunikwa kwa plastiki, kisha kifuniko kifunguliwe kidogo kidogo kila siku. Baada ya wiki kadhaa punguza kivuli, na mwezi wa mwisho miche isimame juani, maji yakipunguzwa pia. Miche mingi hufa katika hatua hii, kwa kuwa mwenyewe huitoa katika unyevu akaipeleka shambani siku hiyohiyo.

Hesabu ya mvua

Mvua inayotegemewa zaidi Ukambani ni ya Oktoba hadi Desemba. Mche wa mukau huhitaji miezi mitatu au minne kabla ya kuingia shambani, ukiwa na urefu wa sentimita 30 hivi. Kwa hiyo kasha liwe tayari Julai, na mbegu ziwe mchangani kabla ya katikati ya Agosti. Anayezianza Oktoba atapata miche mvua ikiwa imekwisha, na mwaka mzima utakuwa umepotea.

Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Miti hiyo yote lazima iotoke mahali fulani kwanza, na kikundi cha akina mama chenye makasha mawili au matatu kinaweza kuwauzia majirani miche badala ya kungoja gari la kutoka mbali. Anza na mbegu 50, uandike tarehe, joto na idadi ya zilizoota. Msimu ujao daftari hilo litakuonyesha pa kurekebisha.