Je, Wajua? Kilimia Chetu na Mbao Bubu za Rapa Nui

Mwanzoni mwa Mei, jua likishatua Malindi, tazama magharibi, kulia kidogo kwa pale lilipozamia. Mawingu ya masika yakikupa mwanya, utaona kishada kidogo cha nyota hafifu zilizobanana, kikikaribia upeo wa macho. Hicho ni Kilimia. Siku chache baadaye hutakiona tena. Kitapotea karibu mwezi mzima, kisha kitazuka upande wa pili, juu ya bahari, kabla ya mapambazuko. Ukitaka kukilaki, nenda ufuoni katikati ya Juni, mnamo saa kumi na moja na robo alfajiri. Elekea mashariki barabara, nyoosha mkono, uhesabu ngumi mbili na nusu kwenda kushoto. Hapo ndipo kinapochomozea.

Jicho la kawaida huona nyota sita au saba. Darubini huonyesha zaidi ya elfu moja, zilizozaliwa pamoja miaka milioni 100 hivi iliyopita. Ziko mbali kiasi kwamba mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 400 kabla ya kutufikia, kwa hiyo nuru inayoingia machoni mwako ufuoni Watamu iliziacha nyota hizo karibu na wakati Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus kule Mombasa, mwaka 1593.

Sasa twende mbali kidogo, hadi Pasifiki, katika kisiwa cha Rapa Nui, maarufu kwa masanamu yake makubwa ya mawe. Wenyeji wake nao walikitazama kishada hiki hiki, wakakiita Matariki. Walikuwa pia na jambo la nadra katika visiwa vile vyote: maandishi yao wenyewe, rongorongo, yaliyochongwa kwenye mbao. Michoro midogo ya watu, ndege, samaki na miezi michanga imepangwa safu kwa safu, na msomaji akifika mwisho wa mstari huigeuza mbao juu chini ili aendelee na mstari unaofuata. Mtu wa nje wa kwanza kuzitaja mbao hizo alikuwa mmishonari Mfaransa, Eugène Eyraud, mwaka 1864. Zilizobaki leo duniani zinapata dazeni mbili hivi, na kisiwani kwenyewe haikusalia hata moja.

Hakuna ajuaye kuzisoma. Mwaka 1862 na 1863 meli kutoka Peru ziliwateka watu wa Rapa Nui na kuwapeleka utumwani, wakiwemo wakuu na wajuzi wao. Wachache waliorudishwa walirudi na ndui. Kufikia mwaka 1877 kisiwa kizima kilikuwa na watu 111. Maandishi yalisalia, wasomaji wakaisha.

Tangu hapo wengi wamejaribu kuyafumbua, na baadhi yao wamedai kwamba ni kalenda ya nyota. Dai hilo linavutia, ila lina hatari yake. Anga ina nyota tele na mbao zina alama tele. Anayetafuta ulinganifu kati ya viwili hivyo hakosi kuupata, hasa akiwa yeye ndiye mchaguzi wa alama ipi iwe nyota ipi. Ndiyo maana tafsiri za namna hiyo zimekuwa zikizuka na kufifia bila kukubaliwa na wataalamu.

Lakini kuna kipande kimoja kilichokubalika, na kisa chake ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Katika mbao iitwayo Mamari, iliyohifadhiwa Roma, kuna mistari miwili na ushei ambamo alama ya mwezi mchanga inajirudia. Mwaka 1958 Mjerumani Thomas Barthel alionyesha kwamba hiyo ni hesabu ya siku za mwezi, tangu kuandama hadi kufa. Alijuaje? Mwaka 1886 meli ya jeshi la Marekani ilitia nanga Rapa Nui, na afisa wake mmoja, William Thomson, akawauliza wazee majina ya siku zote za mwezi, akayaandika. Wengine baada yake waliyakusanya tena. Barthel alikuwa na orodha hizo mkononi, na hapo ndipo alama zikapata cha kulinganishwa nacho. Yaani kipande pekee cha rongorongo ambacho tunajua kinahusu nini ni kile ambacho wazee waliulizwa wangali hai.

Pwani yetu haikuchonga kalenda yake kwenye mbao. Iliihifadhi vichwani mwa manahodha na wakulima, na ni kalenda ya ustadi mkubwa. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka Ramadhani hutangulia kwa siku 11 hivi. Kwa ibada haina taabu. Kwa mtu wa Ganze anayetaka kujua lini apande mahindi, au mwenye jahazi anayengoja kusi, hesabu hiyo haimfai. Kwa ajili hiyo kulikuwa na mwaka wa pili, wa jua, unaoanzia Nairuzi, ile Siku ya Mwaka inayoadhimishwa hadi leo Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai. Mwaka huo una siku 365, nazo huhesabiwa kwa miongo: siku kumi kumi, miongo 36, na siku tano za mwisho zinazosalia. Mwenye elimu hiyo akitajiwa mwongo, hujua upepo gani utavuma na mvua gani iko njiani.

Ila Nairuzi nayo ina mwanya wake. Haina siku ya kurekebisha kila baada ya miaka minne, kama ilivyo Februari 29. Kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne, yaani siku 25 hivi kwa karne. Mwongo uliokuwa wa mvua zama za babu wa babu yako, leo huenda ukawa wa jua kali. Kilimia hakina kosa hilo. Hakihesabiwi, kinaonekana. Kikizama machweo, mwaka umefika pale ulipofika mwaka jana, na mabadiliko yake ni madogo kiasi kwamba mtu hawezi kuyatambua katika maisha yake. Kuwa na hesabu ya siku na pia nyota ya kuisahihishia, kwangu mimi, ni sayansi kamili.

Hata safari mashuhuri kuliko zote zilizotoka Malindi ililingana na saa hiyo ya angani. Vasco da Gama aling'oa nanga hapa Aprili 24, 1498, na Mei 20 akatia nanga karibu na Calicut, India. Kwa kalenda tunayotumia leo aliondoka mwanzoni mwa Mei, majuma ambayo Kilimia hupotelea katika mwanga wa machweo na kusi hushika. Sifa ya kujua wakati huo si yake. Ni ya rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi. Wengi hukariri kwamba rubani huyo ni Ahmad bin Majid, bingwa wa unajimu wa bahari, lakini ushahidi wa kuaminika wa jambo hilo haupo.

Pwani wanayo pia methali kuhusu Kilimia: kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua, na kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Hapa nasi tunakutana na fumbo, dogo kuliko la Rapa Nui. Je, methali inaeleza kawaida ya kila mwaka, kwamba Kilimia huzama Mei, mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Malindi, kikazuka Juni mvua ikianza kupungua? Au ni utabiri wa mwaka mmoja mmoja: Mei ikiwa kavu mwaka huu, ngoja mvua Juni? Mimi naegemea maana ya pili, kwa sababu ile ya kwanza haielezi kwa nini ianze na kuzama wakati wa jua. Tena inaweza kupimwa. Malindi ina kituo cha hali ya hewa chenye kumbukumbu za mvua. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, angeweza kupanga mvua za Mei na Juni za miaka yote iliyoandikwa na kutuambia kama methali inasema kweli. Kalenda ya nyota inayokubali kupimwa hivyo ndiyo inayostahili kuitwa kalenda.

Kuorodhesha vya angani si jambo geni kwetu. Kaskazini ya Malindi, baharini mbele ya Ngomeni, ndiko ilikorushwa setilaiti ya Uhuru, Desemba 12, 1970, ikapewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, na orodha yake ya mwisho ya vyanzo 339 bado inatumiwa na wanasayansi. Kila kimoja kina namba yake na mahali pake angani. Elimu ya nyota ya wavuvi wa Ngomeni hiyo hiyo inastahili orodha kama hiyo.

Basi, msomaji, kama una babu aliyewahi kushika usukani wa jahazi Takaungu, Mambrui au Ngomeni, au bibi aliyepanda kwa kutazama Kilimia huko Ganze na Magarini, mwendee kabla masika haijaingia. Muulize miongo yake kwa mpangilio, nyota alizozifuata na pepo zilizokuja nazo. Andika maneno yake kama anavyoyatamka, pamoja na jina lake, kijiji na tarehe. Kisha peleka nakala moja maktaba au makumbusho iliyo karibu nawe.