Debe Si Mizani

Wakulima wengi wa Mabanga, na majirani zao wa upande wa Kitale, hudhani ya kuwa debe ni debe na gunia ni gunia. Kwa dhana hiyo mahindi mengi hutoka ghalani bila kulipiwa. Ndugu mkulima, soma maelezo haya ukiwa na penseli mkononi. Hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Debe na gorogoro hupima ujazo, yaani nafasi iliyojazwa na mahindi. Mizani hupima uzito. Ili kutoka katika ujazo na kufika katika uzito, yakupasa kujua lita moja ya mahindi yako ina kilo ngapi. Jibu si moja kwa kila ghala. Mahindi yaliyobunguliwa na wadudu ni mepesi, ingawa debe limejaa vilevile. Hata kutikisa chombo hubadili hesabu, kwa sababu punje hushuka na kuacha nafasi ya punje nyingine.

Jibu hilo waweza kulipata mwenyewe nyumbani. Kwanza, pima gorogoro likiwa tupu. Pili, lijaze maji mpaka ukingoni, ulipime tena. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kilo za maji ndizo lita za chombo chako. Tatu, mwaga maji, likaushe, lijaze mahindi makavu, pitisha kijiti juu yake yawe sawa na ukingo, kisha pima.

Tuseme gorogoro tupu ni kilo 0.2, likiwa na maji ni kilo 3.0, na likiwa na mahindi ni kilo 2.2. Basi chombo ni cha lita 2.8, na mahindi ni kilo 2.0. Gawanya 2.0 kwa 2.8, utapata kilo 0.714 kwa lita.

Ukishapata tarakimu hiyo, kubadili vipimo ni kazi ndogo. Kilo 0.714 kwa lita ni sawa na gramu 714 kwa lita, au kilo 71.4 kwa lita 100, au kilo 714 kwa mita moja ya ujazo. Nukta ndiyo inayohama. Mahindi ni yale yale. Wamarekani huhesabu ratili 56 kwa busheli, nayo busheli yao ni lita 35.24. Ratili moja ni kilo 0.4536, kwa hiyo ratili 56 ni kilo 25.4. Gawanya kwa 35.24, utapata kilo 0.721 kwa lita, karibu sawa na mahindi ya mfano wetu.

Sasa tazama faida yake. Gunia la kilo 90 la mahindi haya ni lita 126. Kwa debe la lita 20 lililosawazishwa, hayo ni madebe 6 na lita 6. Mnunuzi akikuambia ya kuwa gunia ni madebe 7, utampa lita 140, yaani kilo 100. Kilo 10 zimekwenda bure. Katika magunia 20 utakuwa umepoteza kilo 200, zaidi ya magunia mawili, na pengine hiyo ndiyo karo ya mtoto. Tena debe likijazwa mpaka lifanye kilele, hasara huzidi.

Kwa hiyo anika mahindi yako mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, uyapime, na uandike tarakimu yako kwa chaki mlangoni pa ghala. Kila msimu pima upya. Siku ya kuuza, dai mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, kama Sheria ya Vipimo, Sura ya 513, inavyotaka. Mizani isipokuwapo, penseli yako itakuambia kama bei unayopewa ni ya haki.