Kizibo cha plastiki, chupa ya soda, na kwa nini tuyo ya PVC tunaiacha

Wandugu, wanafunzi wawili wameniuliza swali moja: vipande vya plastiki vya mzinga wa hewa vinakerezwa namna gani? Wanasema ule mzinga wa tuyo ya PVC, unaujaza hewa kwa pompe halafu unarusha kitu mbali. Niliwajibu hivi: kukereza nitawaeleza, mzinga wa tuyo hapana. Iko kifaa kingine kinachofundisha fizikia ile ile, roketi ya maji ya chupa ya soda. Na kipande chake cha maana ni kizibo kidogo ambacho fundi yeyote mwenye tour, yaani mashine ya kukereza, anaweza kukutolea.

Kwanza hesabu. Presyo ya bar 4 inasukuma karibu kilo 4 juu ya kila sentimita ya mraba. Shingo ya chupa ya soda ina kipenyo cha ndani cha karibu milimita 22, yaani eneo lisilofika sentimita 4 za mraba. Kizibo kinasukumwa kwa kilo 15 hivi. Sasa chukua tuyo ya milimita 110, ile ya maji machafu. Mwisho wake una zaidi ya sentimita 80 za mraba. Pompe ni ile ile, bar ni zile zile, lakini kofia iliyobandikwa kwa gundi inasukumwa kwa zaidi ya kilo 300! Halafu PVC ikipasuka haichaniki kama mpira, inavunjika kama sahani. Mtu atasema: mbona kuna tuyo za PVC zilizoandikwa bar 10? Ndiyo, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya maji. Maji hayabanwi, ufa ukitokea tu presyo inaanguka. Hewa iliyobanwa ni kama springi, inasukuma vile vipande mpaka mbali.

Halafu kuna mahali tunapoishi. Beni imekuwa ikizika watu wake tangu Oktoba 2014. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko katika état de siège, na raia anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi. Kijana mwenye tuyo begani kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni, nani kwenye barriera atamsikiliza akieleza sheria ya Boyle? Hata mlio peke yake ni shida. Huku mlio mmoja unatosha mama kuacha sufuria motoni na kukimbia na watoto. Kwa hiyo hata roketi ya chupa tunairusha mchana, mu uwanja wa shule, wakubwa wa shule na majirani wakiwa wamejulishwa.

Basi, plastiki. Tafuta polyethylene ngumu, yenye alama ya 2: ubao mnene wa kukatia nyama unafaa sana. Kama hujui umeshika nini, tupa kipande ndani ya maji. Polyethylene inaelea, nailoni na PVC zinazama. Nailoni inakerezeka vizuri, lakini inakunywa maji na kuvimba, na kizibo chetu kinakaa ndani ya maji. PVC ikipata moto sana inatoa moshi wa asidi, mbaya kwa mapafu na hata kwa mashine yenyewe. Kuna wanaoyeyusha bidon kuukuu na kupata donge la plastiki. Linapendeza kwa nje, kumbe ndani limejaa mapovu, na kila povu linaweza kuwa njia ya hewa.

Fundi aliyezoea chuma anakosea kwenye plastiki kwa sababu inaonekana rahisi. Inakatika, ndiyo, lakini moto hauna pa kwenda. Kwenye chuma joto linasambaa, kwenye plastiki linabaki pale pale kisu kinapogusa. Kisu butu hakikati, kinasugua, na polyethylene inaanza kulainika kabla hata ya kufika digrii 130. Kisu kiwe kikali kama cha mbao, na utepe utoke mzima. Ule utepe ukijizungusha kwenye mandrini, zima mashine kwanza. Usiuvute kwa mkono hata siku moja.

Taya tatu za mandrini nazo ni mtego. Ukizikaza kama unashika chuma, plastiki inabonyea. Unatoboa tundu la duara safi, unalegeza, tundu linageuka la pembe tatu za mviringo. Kaza kidogo, kata kidogo kidogo.

Tena usipime kikiwa cha moto. Polyethylene inatanuka zaidi ya mara kumi kuliko chuma. Kizibo cha milimita 21,5 kikipoa digrii 50 kinapungua karibu milimita 0,15. Ni kidogo? Hapana, njo mahali kazi yote inaharibika. Kizibo hiki kina mfereji wa pete ya mpira, na tundu katikati la valvu ya tairi ya pikipiki. Chupa inashikwa na msuguano wa ile pete tu. Kikiwa kidogo, hewa inavuja na chupa inaanguka kwa aibu. Kikiwa kikubwa, chupa haitoki, presyo inapanda, na mtu anasogea kuinama aone kuna nini. Huyo ndiye anayeumia.

Kwa hiyo acha kizibo kipoe, pima kwa pied à coulisse, kisha jaribu na chupa iliyojaa maji mpaka juu kabisa: hata ikipasuka, inakulowesha tu. Tumia chupa ya soda yenye gesi, ya lita 1,5, isiyo na mkwaruzo. Ya maji ya kawaida ni laini mno. Siku ya kurusha, theluthi moja maji, mpira wa pompe uwe mrefu wa mita kadhaa, pompe iwe na saa ya presyo. Chupa inapaswa kuondoka kati ya bar 2 na 3. Ikifika 4 bado imekaa, hakuna anayesogea: toa hewa kwa upande wa pompe, rudi atelye, punguza mfereji uingie ndani zaidi, nusu ya sehemu ya kumi ya milimita kila mara.