Je, Wajua? Askari wa KAR walipata chakula kutoka angani huko Burma

Wanaume wa Meru na wa Embu walikuwa miongoni mwa askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopelekwa Burma kupigana na Wajapani. Katikati ya 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Bonde la Kabaw, penye malaria kali, wakati mvua za masika za Asia zikimwagika. Barabara ziligeuka tope na malori yakakwama. Ndege ndizo zilizowaokoa.

Dakota, ndege ya mizigo yenye injini mbili, ilipita chini juu ya uwanja uliofyekwa msituni. Mlango wake uliachwa wazi, na wahudumu wakasukuma mizigo nje kwa mikono na miguu. Risasi na dawa zilishuka kwa parachuti. Nafaka iliangushwa hivi hivi, ikiwa ndani ya magunia mawili, moja ndani ya jingine, ili la ndani likipasuka la nje lizuie isimwagike. Marubani waliruka kati ya milima iliyofunikwa na mawingu, kazi iliyostahili sifa zaidi kuliko ilivyopewa. Ndege hizo za polepole ziliweza kufanya kazi kwa sababu ndege za kivita za Waingereza na Wamarekani, zikiwemo Spitfire, zilikuwa zimewadhoofisha Wajapani angani.

Tarehe 2 Desemba 1944 Divisheni ya 11 iliteka Kalewa, kando ya Mto Chindwin, na njia ya kuingia Burma ya kati ikafunguka.