Je, Mwanafunzi wa Hisabati Anahitaji Kikokotoo cha Kuchora Grafu?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii ilinijia akilini siku ambayo binamu yangu, aliyekuwa ameitwa kujiunga na chuo kikuu kusomea ualimu wa hisabati, alituonyesha orodha ya vitu ambavyo aliambiwa hawezi kusoma bila kuwa navyo. Cha kwanza katika orodha hiyo kilikuwa kikokotoo cha kuchora grafu. Aliyemshauri ni jamaa yetu anayeishi Marekani, naye alifanya hivyo kwa nia njema, kwani wanawe walikitumia kifaa hicho tangu walipokuwa shule ya upili. Bei yake ilizidi dola 100, yaani zaidi ya shilingi 12,000 za Kenya. Fedha zilizokuwa nyumbani wakati huo zilitengwa kwa ajili ya kodi ya chumba cha miezi ya kwanza. Shangazi aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, bila kidude hicho hutafaulu?" Sote tulinyamaza, kwa maana hapakuwa na mmoja wetu aliyejua jibu.

Makala haya yananuia kulijibu swali la shangazi. Tutaanza kwa kueleza kifaa chenyewe na namna kinavyofanya kazi, kisha tutazame ni nani hasa anayekihitaji, na hatimaye tupendekeze maswali ambayo mwanafunzi na mzazi wanapaswa kujiuliza kabla ya kutoa fedha.

Kikokotoo cha kuchora grafu ni kitu gani?

Kwa jumla vikokotoo ni vya aina tatu. Kuna kile cha kawaida anachokitumia muuza duka, ambacho hujumlisha, hutoa, huzidisha na kugawanya. Kuna cha kisayansi, ambacho aidha hutafuta vipeuo, logarithimu, saini, kosaini na tanjenti. Cha tatu ni kikokotoo cha kuchora grafu. Hiki hufanya yote yanayofanywa na hivyo viwili, na juu ya hayo kina kioo kipana kinachoweza kuonyesha mchoro wa mlinganyo, pamoja na nafasi ya kuhifadhi programu ambazo mtumiaji mwenyewe anaweza kuziandika.

Chombo hiki hakikuzuka ghafla. Mwaka wa 1614, John Napier wa Uskoti alichapisha majedwali ya logarithimu, na kwa zaidi ya miaka mia tatu wanahisabati waliyategemea majedwali ya namna hiyo. Mwaka wa 1972 kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi kilichoweza kutiwa mfukoni. Mwaka wa 1985 Casio walitoa fx-7000G, ambacho ndicho kikokotoo cha kwanza cha kuchora grafu kuuzwa kwa umma. Texas Instruments walifuata kwa TI-81 mwaka wa 1990, TI-83 mwaka wa 1996 na TI-84 Plus mwaka wa 2004.

Ni muhimu msomaji afahamu namna kifaa hiki kinavyochora, kwa sababu uzuri na udhaifu wake vyote viwili vimo humo. Kioo cha TI-83, kwa mfano, kina vitone vilivyopangwa katika safuwima 96 na safumlalo 64, na grafu hutumia safuwima 95 na safumlalo 63. Kila safuwima huwakilisha thamani moja ya x. Kifaa hukokotoa thamani ya y kwa kila moja ya hizo x, huwasha kitone kinachokaribiana nayo, kisha huviunganisha vitone hivyo. Kwa maneno mengine, hufanya yale yale tunayoyafanya tunapojaza jedwali na kuchora kwenye karatasi ya grafu, ila hufanya kwa haraka na bila kuchoka. Hakielewi umbo la mlinganyo. Hujaza jedwali tu.

Ni nani anayekihitaji kwa hakika?

Wako wanafunzi ambao kwao kifaa hiki ni lazima. Nchini Marekani, bodi iitwayo College Board ilianza kukitaka katika mtihani wake wa kalkulasi wa AP kuanzia mwaka wa 1995. Mtahiniwa hutarajiwa kukitumia kwa kazi nne: kuchora grafu, kutafuta majibu ya mlinganyo, kukokotoa mteremko wa mchirizo mahali fulani, na kukokotoa eneo lililo chini ya mchirizo. Hata hivyo, mtihani huo huo una sehemu ambazo kikokotoo hakiruhusiwi kabisa. Hali kadhalika, wanaosomea diploma ya International Baccalaureate, ikiwa ni pamoja na wale walio katika baadhi ya shule za kimataifa humu nchini, hukihitaji katika mitihani yao ya hisabati. Kwa hivyo jamaa yetu wa Marekani hakusema uongo. Alisema kweli ya kwao.

Isitoshe, hata huko mambo yanabadilika. Mtihani wa SAT ulipogeuzwa kuwa wa tarakilishi, mwaka wa 2023 kwa watahiniwa wa nje ya Marekani na mwaka wa 2024 kwa wa ndani, programu ya Desmos ya kuchora grafu ilitiwa ndani ya mtihani wenyewe. Mtahiniwa asiye na uwezo wa kununua kifaa hupata mchoro ule ule aupatao mwenzake.

Hali ilivyo kwetu

Tukigeukia Kenya, mambo ni tofauti. Maagizo ya karatasi za hisabati za KCSE yameruhusu vikokotoo visivyotoa sauti na visivyoweza kupangiwa programu, pamoja na majedwali ya hisabati ya Baraza la Mitihani. Kikokotoo cha kuchora grafu hupangiwa programu, hivyo hakina nafasi katika chumba hicho cha mtihani. Tena, swali la grafu katika karatasi hizo huwa na sura inayojulikana: mtahiniwa hujaza jedwali, huchora mchirizo kwenye gridi aliyopewa, kisha huutumia mchirizo huo kutatua mlinganyo mwingine. Kinachopimwa ni mkono na akili ya mtahiniwa. Vivyo hivyo, mtihani wa hisabati wa kiwango cha A wa Cambridge (9709) hukubali kikokotoo cha kisayansi na kukataza cha kuchora grafu.

Katika vyuo vikuu, uamuzi huachiwa idara na mhadhiri. Lakini tutazame masomo yenyewe. Katika kalkulasi ya mwaka wa kwanza, maswali mengi huundwa ili yatatuliwe kwa kanuni. Katika aljebra na uchanganuzi, kinachotakiwa ni uthibitisho. Kikokotoo kitakuambia kwamba kipeuo cha pili cha 2 ni 1.414213562, lakini hakitakuthibitishia kwamba namba hiyo haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba mbili kamili. Huo ni ushahidi wa hoja wala si wa tarakimu. Katika takwimu ndiko hesabu huwa nyingi na ndefu, lakini huko nako tarakilishi hufanya kazi kubwa kuliko kikokotoo chochote.

Mwanafunzi aliyekizoea chombo asichoruhusiwa kuingia nacho mtihanini hujipata katika hali ya msemo kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka amekwisha kufika, na fimbo iko chumbani.

Kioo kinapodanganya

Wapo wanaoamini kwamba mwenye kifaa hiki hawezi kukosea. Tuchukue milinganyo mitatu ifuatayo:

x² − 4x + 3.99 = 0
x² − 4x + 4 = 0
x² − 4x + 4.01 = 0

Tukiichora katika kioo cha TI-83 kuanzia −10 hadi 10 kwa kila mhimili, kila kitone huwakilisha takriban 0.21 kwa upana na 0.32 kwa urefu. Jicho litaona kitu kimoja mara tatu: mchirizo unaoshuka, unaogusa mhimili wa x mahali palipo na 2, na kupanda tena. Mwanafunzi atajibu kwamba kila mlinganyo una jibu moja.

Sasa tutumie kalamu. Mlinganyo wa kwanza ni sawa na (x − 1.9)(x − 2.1) = 0, kwa hivyo una majibu mawili, 1.9 na 2.1. Wa pili ni (x − 2)² = 0, nao una jibu moja, 2. Wa tatu ni (x − 2)² + 0.01 = 0. Huu hauna jibu lolote miongoni mwa namba halisi, kwa kuwa namba iliyozidishwa kwa yenyewe haiwi chini ya sufuri. Mchirizo wa kwanza huzama chini ya mhimili kwa 0.01 tu, na wa tatu huelea juu yake kwa 0.01. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa kitone chenye urefu wa 0.32, lakini katika hisabati ndiyo tofauti kati ya kuwapo na kutokuwapo.

Kosa la pili hutokana na dirisha. Mlinganyo y = x³ − 100x hukata mhimili wa x mahali patatu: −10, 0 na 10. Katika dirisha lile lile la −10 hadi 10, mchirizo huonekana kama vipande vya mistari iliyo karibu wima, karibu na sufuri na kwenye kingo za kioo, kwa sababu hupanda hadi takriban 385 na kushuka hadi takriban −385, mbali kabisa na kioo. Asiyejua kutafuta vilele kwa kalkulasi hatajua kwamba dirisha lake ni dogo.

Kosa la tatu ni la vipimo. Saini ya 30 ni 0.5 iwapo kifaa kimewekwa kwa nyuzi, lakini ni takriban −0.988 iwapo kimewekwa kwa radiani. Kifaa hakikuulizi ulikusudia ipi. Katika yote matatu, anayeokolewa ni yule aliyekuwa na makadirio ya jibu kichwani kabla ya kubonyeza.

Tusije tukaeleweka kwamba kifaa hiki hakina faida. Mwalimu anayetaka wanafunzi waone jinsi mchirizo wa y = ax² unavyobanana kadiri a inavyoongezeka anaweza kuwaonyesha michirizo kumi kwa dakika moja, ilhali ubaoni angechora miwili. Kuona huko huzaa swali, na swali huzaa uthibitisho.

Njia mbadala

Faida hiyo siku hizi hupatikana bila kununua kikokotoo. GeoGebra, programu iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter nchini Austria mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Desmos, iliyoanzishwa mwaka wa 2011, hutumiwa na wanafunzi bila malipo, kwa tarakilishi na hata kwa simu ya mkononi. Michoro yake ni laini kuliko ya kioo cha TI-83, na mtumiaji anaweza kuikuza sehemu anayoitilia shaka. Upungufu wake ni kwamba simu haiingii katika chumba cha mtihani. Lakini tumekwisha kuona kwamba katika mitihani mingi ya kwetu, kikokotoo cha kuchora grafu nacho hakiingii.

Maswali ya kujiuliza

Mwanafunzi aliye njia panda na ajiulize maswali manne. Kwanza, je, mtihani nitakaoufanya unakiruhusu au unakitaka? Jibu litafutwe katika maagizo ya mtihani na idarani, si kwa aliyesoma kwingine. Pili, je, kozi zangu zinahitaji michoro na hesabu nyingi, au hoja na uthibitisho? Tatu, je, nina simu au maabara ya tarakilishi itakayonifanyia kazi hiyo hiyo? Nne, je, ninaweza kuchora kwa mkono mlinganyo wa kawaida na kueleza kwa nini umekuwa hivyo? Ikiwa jibu la swali la nne ni la, basi kifaa kitaficha pengo badala ya kuliziba.

Hitimisho

Kwa muhtasari, kikokotoo cha kuchora grafu ni hitaji la anayefanya mitihani inayokitaka. Kwa wengi wetu, kikokotoo cha kisayansi, karatasi ya grafu na programu isiyolipiwa vinatosha. Binamu yangu alikwenda idarani na kuuliza, akaelezwa kwamba kikokotoo cha kisayansi alichotoka nacho shule ya upili kingemfaa. Fedha zililipa kodi ya chumba kama zilivyokusudiwa. Shangazi alipopewa habari hiyo hakusema mengi. Alitaka tu kujua kwa nini hatukuuliza mapema, naye alikuwa na haki, kwa maana kuuliza si ujinga.