Kofia ya Jino Iliyokwama

Ketini vizuri. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: kofia, jino, koleo.

Jino likioza sana, daktari wa meno hulichonga pembeni, kisha hulivika kofia ngumu ya madini au ya kauri. Lakini kabla hajaruhusiwa kumgusa mtu, mwanafunzi wa udaktari hujizoeza kwa meno ya plastiki, yaliyofungwa kwa skrubu katika taya la bandia. Jambo hili si geni. Mwaka 1894, huko Glasgow, Oswald Fergus alileta kichwa cha bandia cha kufundishia kazi hii.

Basi mwanafunzi huijaribu kofia, nayo hukwama. Hajatia gundi, lakini haitoki. Kwa nini? Fikirini sufuria mbili, moja imeingia ndani ya nyingine barabara. Kuta zikikaribia kuwa wima, hushikana. Asiye na subira hutwaa koleo akavuta kwa upande. Jino la plastiki hukatika, na kazi ya siku nzima imepotea.

Tuseme wewe ndiye mwanafunzi huyo. Kwanza legeza skrubu, ulitoe jino katika taya, ulishike mkononi. Kausha kofia, izungushie kitambaa chembamba, uivute kwa njia ile ile iliyoingilia, ukitikisa kidogo kidogo. Usipinde. Ikikataa, litie jino katika maji ya barafu kwa dakika chache. Kwa baridi, plastiki hunywea zaidi kuliko madini. Kwa hiyo jino lililo ndani hupungua kuliko kofia iliyo nje. Maji ya moto hufanya kinyume: jino huvimba ndani ya kofia. Hapa wengi hukosea, kwa kuwa wamezoea kupasha moto kifuniko cha chupa.

Kofia ya muda, ile ya plastiki inayowekwa laini juu ya jino, ina dawa yake. Jino hupakwa mafuta mazito kwanza, na kofia huinuliwa na kurudishwa mara kadhaa ingali kama mpira. Ukingoja igande kabisa, umechelewa.

Yote yakishindikana, kofia hukatwa. Vaa miwani. Kwa kekee ndogo, chimba mfereji upande wa shavu hadi juu, mpaka uione plastiki, usiingie zaidi. Tia chuma bapa katika mfereji, ukizungushe polepole. Kofia hupanuka ikatoka. Hiyo haitumiki tena, lakini jino limepona.

Kinywani mwa mtu hakuna skrubu. Jino lina mzizi uwezao kupasuka, na kofia ikichomoka ghafula yaweza kuingia katika njia ya pumzi. Ndiyo maana daktari hutandaza shashi nyuma ya ulimi kabla ya kuvuta. Mwanafunzi naye huitandaza hata penye taya la plastiki, lisilo na koo, ili mkono uzoee. Nawe kofia yako ikilegea nyumbani, liache koleo la fundi baiskeli mahali pake, uende kwa daktari wa meno.

Sasa mwalimu, mtu mmoja asome tena habari ya maji ya barafu, kisha awaeleze wenzake, kwa maneno yake mwenyewe, kwa nini maji ya moto hayafai.